Gramu Mia na Hamsini za Wali

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa leo na mtaalamu mpya wa lishe. Amesema niandike kila siku kiasi cha wali kinachotoka jikoni. Hajasema nisiandike mengine, kwa hiyo nitaandika nipendavyo.

Mimi ni mpishi mkuu wa hospitali hii, mwaka wa kumi na tisa sasa. Watu mia moja na themanini wanakula kutoka mkononi mwangu mchana na jioni. Wananiita Mama Upawa, na sichukii.

Mtaalamu mwenyewe ni binti mdogo, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuja na karatasi, akaisoma mbele yetu kama hakimu: "Wagonjwa wa sukari, wodi ya pili, kila mmoja mchele gramu mia na hamsini mchana, jioni vivyo hivyo."

"Mchele au wali?" nikamuuliza.

"Si ni kitu kimoja?"

Shemeji aliangusha mwiko. Shemeji ni mdogo wake marehemu mume wangu na msaidizi wangu wa jikoni. Hospitali nzima inamwita Shemeji, hata daktari.

"Mwanangu," nikamwambia, "mchele ni ule ulio kwenye gunia. Wali ni ule ulio kwenye sahani. Huo mchele wako wa gramu mia na hamsini ukishakunywa maji ukaiva, unakuwa wali wa gramu mia nne na ushei. Mpe mgonjwa wa sukari wali huo, halafu utafute wa kumzika."

Aliitazama karatasi yake muda mrefu. "Imetafsiriwa," akasema taratibu. "Ni wali."

"Basi andika wali."

Akaandika. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Jumanne, 4 Machi

Ameleta mizani ndogo ya umeme yenye namba nyekundu. Kila sahani ya wodi ya pili inapimwa. Sahani ishirini na mbili, dakika arobaini, wali umepoa. Shemeji amembandika jina: Dada Gramu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza. Paa la jikoni lilikuwa linavuja mahali patatu. Leo limepata pa nne, juu ya mizani.

Jumanne, 11 Machi

Mizani imekufa. Dada Gramu aliipiga kofi, akaitikisa, akaianika karibu na jiko, akaiombea kimoyomoyo, nilimwona. Namba nyekundu hazikurudi. Ofisi ya ugavi imesema nyingine inakuja hivi karibuni. Dirisha langu nalo linasubiri kioo hivi karibuni, mwaka wa sita huu.

"Sasa tutapimaje?" akaniuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtoto wa watu.

Nikachukua kikombe cha bati, kile kikubwa cha kugawia. "Hiki kikijaa wali ni gramu mia na hamsini zako. Jicho langu halijakosea tangu wewe uko shule ya msingi."

"Una uhakika, mama?"

"Miaka kumi na tisa."

Akakubali. Nilimwona akipumua. Nami nikatembea jikoni kama mwenye nyumba.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Wali umetoka sufuria tano. Hakuna la zaidi.

Jumatano, 19 Machi

Wodi ya pili kuna maneno. Mgonjwa wa kitanda cha saba sukari yake inapanda badala ya kushuka. Ni mama mmoja fundi wa cherehani, ana kidonda mguuni. Muuguzi mkuu, tunayemwita Sista, anasema mtu yule anaingiziwa vyakula kwa siri. "Hata wengine sukari zao hazitulii, lakini yule ndiye kiongozi wao," akasema hapa dirishani huku anakunywa chai yangu.

Nikamjibu kwamba kuna watu huwezi kuwasaidia. Unampikia kwa kipimo, yeye anakula kwa choyo.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Wamepekua kabati la fundi. Walikuta vitambaa, sindano na kijiboksi cha vifungo. Hata hivyo Sista amemnyang'anya ufunguo.

Jumatano, 2 Aprili

Mhudumu wa wodi ya pili hakuja leo, barabara ya kwao imejaa maji. Nikapeleka sahani mwenyewe. Sikuwa nimekanyaga wodi ile tangu mwaka jana. Sisi wa jikoni huwa tunawajua wagonjwa kwa sahani wanazorudisha.

Nilitaka hasa kumwona huyo mwizi wa chakula. Nikakuta mwanamke wa makamo, mwembamba, nywele amezifunga vizuri, mguu wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Alinishukuru kwa mikono miwili. Akaanza kula polepole, kijiko kimoja kimoja, kama mtu anayefua nguo za watu wengine. Nusu ya njia akapumzika.

"Kibaya?" nikamuuliza, roho juu.

"Kitamu, mama. Ni kingi tu. Nyumbani sahani hii tunakula mimi na mama yangu mzazi, na tunabakiza."

"Basi bakiza."

"Nimekatazwa. Sindano ya sukari imepimwa kwa chakula chote, nikibakiza nitazirai. Wameiongeza tena jana." Akachota kingine. "Halafu wananiambia naiba. Hiki chenyewe kinanishinda, cha wizi nitakiweka wapi?"

Akaniambia daktari amempa wiki mbili. Kidonda hakiwezi kufunga sukari ikiwa huko juu, na isiposhuka watakata. Alionyesha mahali, juu ya kifundo, akipitisha kucha kwenye bandeji kama fundi anavyotia alama ya chaki kwenye kitambaa.

"Huu ndio mguu wangu wa cherehani," akasema. "Wa kushoto nimejaribu. Haujui mwendo."

Nikarudi jikoni nikasimama nyuma ya Shemeji. Alikuwa anagawa. Alichota kikombe kikajaa, akakishindilia kwa mgongo wa upawa, akaongeza, akashindilia tena, ndipo akakigeuza juu ya sahani. Wali ulisimama peke yake kama kofia.

"Shemeji, mbona unashindilia?"

"Ili washibe," akasema, akacheka. "Kikombe si kimoja tu? Wewe umesema kikombe, mimi natoa kikombe."

Kweli, nilisema kikombe. Sikusema kingine chochote.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi nilibeba sufuria ya wali, kikombe na sinia, nikavuka uwanja kwa mwamvuli mpaka wodi ya wazazi. Mkunga mkuu ni mtu wangu wa siku nyingi.

"Naomba mizani ya watoto."

"Unampima nani?"

"Wali."

Alicheka mpaka akashika mlango. Lakini alinipa. Ni mizani ya zamani, ya mshale, haihitaji umeme. Tatizo lake mshale unasoma gramu hamsini hamsini, kikombe kimoja ungekikadiria tu. Nikafikiri kidogo. Nikaweka sinia tupu, nikarudisha mshale kwenye sifuri. Halafu nikatia vikombe kumi, vyote vya kushindilia kama vya Shemeji. Nitasoma kumi, nitagawa kwa kumi.

Mshale ulisimama kwenye kilo mbili na gramu mia tatu.

"Huyu kazaliwa kabla ya siku zake," akasema mkunga.

Sikucheka. Kikombe kimoja gramu mia mbili na thelathini. Themanini zaidi ya zile zilizoandikwa, mchana na jioni, watu ishirini na wawili, tangu mizani ilipokufa.

Nikamwaga, nikauchambua wali kwa uma mpaka punje zikaachana, nikajaza tena vikombe kumi bila kugandamiza, nikivisawazisha kwa mgongo wa kisu. Kilo moja, mia sita na hamsini. Kwa hiyo hata kikombe chepesi, cha mkono mtulivu, ni mia moja sitini na tano. Hata nikimwondoa Shemeji kwenye kesi, mimi mwenyewe nina gramu kumi na tano za kujibu. Jicho langu la miaka kumi na tisa.

Nilikaa kwenye kiti cha wajawazito mpaka mkunga akaniletea maji.

Jikoni, Shemeji alipoelewa alifunga mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tupunguze kuanzia jioni, kimya kimya. Sukari zitashuka, watu watafurahi, hakuna atakayeuliza."

Sitaandika uongo kwenye daftari langu mwenyewe: wazo hilo lilinipendeza. Lilinipendeza kwa muda wa kuosha sufuria mbili. Ya tatu nikakumbuka maneno ya fundi kuhusu sindano. Nikaenda kumtafuta Dada Gramu.

"Mtu akichomwa sindano ya wali mwingi, halafu akala mchache?"

"Sukari inaanguka. Anatetemeka, anazirai. Akikosa mtu wa kumwahi, anakufa." Akaniangalia. "Kwa nini unauliza, mama?"

Nikamwambia. Yote, na gramu zake. Nilitegemea apige kelele, nilishamwandalia na jibu. Alikaa chini tu, koti lake likajikunja na hakulinyoosha.

"Nilipaswa kupima," akasema.

Jioni tuliwapa kile kile walichozoea, kwa sababu sindano zilikuwa zile zile. Kugawa wali ule huku nikijua ulivyo kulinishinda nguvu. Sijawahi kuona sufuria nzito vile.

Ijumaa, 4 Aprili

Kila Ijumaa asubuhi daktari na wauguzi wanakutana kwenye chumba kidogo cha wodi ya pili. Nilivaa aproni safi nikaingia na Dada Gramu. Daktari yule ana tabia ya kuzungumza huku anaandika, ukimsalimia anaijibu karatasi.

"Mpishi anataka nini hapa?"

"Nimekuja kusema kwamba fundi wa kitanda cha saba hajaiba kitu," nikasema. "Sukari yake tumeipandisha sisi wa jikoni. Mliandika gramu mia na hamsini za wali. Tumekuwa tukitoa mia mbili na thelathini. Kwake na kwa wodi nzima. Kikombe kile nilikichagua mimi, na sikukipima."

Kalamu ilisimama. Sista aligeuka akatazama dirisha.

"Umejuaje kama ni mia mbili na thelathini?"

"Nimepima kwenye mizani ya watoto wachanga."

"Mizani ile haiwezi kukuonyesha gramu themanini vizuri."

"Najua. Ndiyo maana nilipima vikombe kumi, nikagawa kwa kumi."

Hapo akainua uso. Miaka yote hii sikujua macho yake yana rangi gani.

"Na mimi nilikubali bila kupima," Dada Gramu akadakia, amesimama wima. "Kosa hili si la mama peke yake. Andikeni na mimi."

Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kukaa kimya, na mimi nisingemlaumu. Nikajiona nilivyokuwa mjinga kumhesabia mikunjo ya koti.

Daktari hakutugombeza. Alivuta faili zote ishirini na mbili. Mpango ukawa huu: wali unashuka leo hii hii, na sindano zinashuka pamoja nao, huku wanapimwa mara nne kwa siku mpaka watulie. "Lakini nahitaji kujua," akasema, "gramu mia na hamsini zako zitakuwa mia na hamsini kila siku?"

"Zitakuwa."

Tulipotoka, Sista alikuwa ametangulia kitanda cha saba. Alikuwa ameshika ule ufunguo wa kabati. Sikusikia alichosema. Nilimwona fundi akiupokea, akaufungia kwenye ncha ya kanga, kisha akamshika Sista mkono akamkalisha kitandani, kwa sababu Sista ndiye aliyekuwa analia.

Jumamosi, 5 Aprili

Shemeji amenuna. Anasema hospitali imegeuka duka la dhahabu. Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Sasa naandika kwa utaratibu, maana hili ni langu na nalijua.

Kikombe cha bati, wali uliochambuliwa kwa uma mara tu unapoiva, bila kugandamiza: kikijaa, mia sitini na tano. Ili upate mia na hamsini, acha sehemu moja ya kumi. Nimepima kwa rula ndani ya kikombe nikatoboa alama kwa msumari. Wali unafika kwenye alama, unapita mgongo wa kisu, basi.

Wali uliokaa ndani ya sufuria iliyofunikwa unalaliana, kikombe kinakula zaidi: mia themanini na tano. Kwa hiyo kuchambua ni lazima, kila sufuria, kila mara.

Halafu nikamuuliza Dada Gramu jambo lililokuwa linanisumbua tangu juzi. "Gramu zako zinapima na maji. Nikipika wali wa majimaji, gramu mia na hamsini zina mchele kidogo. Nikipika mkavu, zina mchele mwingi. Sasa mgonjwa kala nini?"

Aliweka kalamu chini. Kisha akacheka, akanishika bega. "Mama, hilo swali walimu wangu hawakuniuliza."

Tumekubaliana: maji nayo yanapimwa, vikombe viwili kwa kimoja cha mchele, na mfuniko hauinuliwi kuchungulia. Shemeji ndiye mchunguliaji. Nimemwonya kama shemeji na nimemwonya kama bosi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kitanda cha saba: sukari ilikuwa kumi na saba, leo asubuhi kumi na moja. Dada Gramu alikuja mbio kwenye mvua kuniambia, bila mwamvuli, koti limelowa chapachapa. Shemeji alisikia. Mchana nilimwona akisawazisha kikombe kwa kisu huku ameinama jicho likiwa sawa na ukingo, kama seremala.

Jumapili, 13 Aprili

Umeme hakuna tangu jana. Tunapika kwa kuni, zimelowa, macho yetu sote mekundu.

Jumatatu, 14 Aprili

Barabara imekatika, mchele wetu wa kawaida haukufika. Wametuletea magunia kumi kutoka kwingine. Nilichovya mkono, nikajua: punje fupi, nene, mpya, bado ina unga unga wa kinuni. Nikapika, nikachambua. Ukawa hautaki kuachana, unashikana vibongebonge. Shemeji akachukua kikombe.

"Weka chini," nikasema.

"Alama si ipo?"

"Alama ni ya mchele ule. Huu haujaapishwa."

Saa sita na nusu ilikuwa imepita. Watu ishirini na wawili walikuwa wanasubiri, na sindano zao zinasubiri chakula. Nikamtuma Shemeji wodi ya pili aseme mtu asichomwe mpaka sahani iwe mbele yake. Nikabeba sinia nikavuka uwanja, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu, na umeme hakuna, ila mizani ya mkunga haijui umeme ni nini.

Vikombe kumi: kilo moja na mia tisa. Kimoja mia tisini. Ningegawa kwa alama ya zamani ningezidisha gramu ishirini na zaidi kwa kila mtu, na sindano zao zilishapunguzwa.

Niliporudi nilimkuta Sista dirishani, amefura. "Mama Upawa, saa saba hii! Wagonjwa wangu wana njaa!"

"Watangoja dakika kumi."

"Kwa mchele tu?"

"Kwa mguu wa mtu," nikasema. "Na safari hii wagonjwa wako hawataitwa wezi."

Nikatoboa alama ya pili, chini ya ile ya kwanza, pale wali unapofika robo tatu na kidogo ya kikombe. Nikavuka tena uwanja nikapima vikombe kumi vya alama mpya kwenye mizani ya mkunga, maana sasa sijiamini bila ushahidi: kilo moja na nusu kamili. Kumi kwa mia na hamsini. Nilitamani marehemu angeniona.

Sista alibeba sahani mwenyewe. Alibeba nne nne.

Jioni Dada Gramu alitazama alama zile mbili muda mrefu. "Nani alikuambia upime upya?"

"Mkono," nikamjibu. "Mkono ulihisi. Ila sasa mkono ukihisi, nauliza mizani."

Ijumaa, 18 Aprili

Wiki mbili za daktari zimeisha, fundi ameingia chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Nilipika, nilionja, sikusikia ladha ya kitu chochote. Nilimwambia Shemeji atie chumvi yeye.

Saa tano daktari alipita dirishani kwangu. Hajawahi kupita hapa, njia yake ni upande mwingine. Alisimama, kofia ya kijani bado kichwani.

"Tumekata vidole viwili vidogo tu," akasema. "Vilishakufa kabla hajafika hapa, visingepona kwa namna yoyote. Mguu umebaki. Nyama ni nzuri, inatoka damu safi."

Nilitaka kusema asante nikajikuta nimempa kikombe cha chai. Akakinywa chote amesimama.

Jumatano, 23 Aprili

Umeme umerudi. Mchele wetu wa zamani umerudi. Alama ya juu.

Jumamosi, 26 Aprili

Fundi ameruhusiwa. Alikuja jikoni kuaga, anatembea kwa gongo, kiatu kimekatwa mbele. Alikuwa amebeba bakuli la udongo lililofungwa kwenye kitambaa. Mama yake mzazi alimletea kutoka nyumbani.

"Mama, mimi mizani sina," akasema. "Kikombe chako cha bati sina. Bakuli hili ndilo ninalolia chakula siku zote. Nionyeshe wali wangu unaishia wapi."

Nikatamani kujipiga paji la uso. Wiki zote hizi nilikuwa napima vikombe vya hospitali, na mtu akitoka langoni anarudi kwenye vyombo vyake.

Nikajaza kikombe mpaka kwenye alama, nikamimina kwenye bakuli, nikasawazisha bila kugandamiza. Ulifika chini ya nusu. Shemeji akaleta kopo la rangi nyekundu lililobaki walipopaka milango. Nikapiga mstari ndani, mwembamba kama uzi, pande zote.

"Ukibadilisha mchele, ukipata ule unaoshikana, ishia upana wa kidole chini ya mstari. Na usishindilie."

"Sishindilii," akasema. Shemeji alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Alipofika mlangoni alisimama kwa gongo, akaunyanyua ule mguu wa kulia, akaushusha, akaunyanyua, akaushusha, kisigino kisha mbele. Mwendo wa cherehani. "Bado unajua mwendo," akasema. Akaondoka.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua. Wamekuja wanne na mabakuli yao. Fundi kawaambia majirani.

Jumanne, 6 Mei

Mizani mpya imefika, imefungwa kwenye plastiki, namba za kijani safari hii. Dada Gramu aliifungua kwa heshima zote, akaniita, akamwita Shemeji, akamwita na Sista. "Mama, chota."

Nilichota kama ninavyochota. Uma, alama, mgongo wa kisu. Mia moja hamsini na moja. Tena. Mia moja arobaini na tisa. Tena. Mia na hamsini.

Sista akaanza kupiga makofi, halafu akaona aibu akaacha, halafu akaendelea. Nilijifanya sufuria inaungua nikageuka. Hakikuwa kinaungua kitu.

Jumamosi, 10 Mei

Watu kumi na saba leo. Mabakuli, vikombe vya plastiki, kopo la maziwa, kifuu kilichochongwa vizuri, na mzee mmoja aliyeleta sinia kubwa la familia. Anasema watu saba wanakula humo, nimpigie mstari wa kwake. Tulicheka mpaka machozi, kisha nikakaa naye kwa upole nikamweleza kwamba itabidi apakuliwe pembeni. Alikubali, ila kwa huzuni. Atarudi na bakuli.

Shemeji ndiye msimamizi wa foleni. Mtu akikandamiza wali kwa kidole akidhani haonekani, Shemeji anasikika mpaka maabara: "Acha hewa ipite! Huo ni wali, si tofali!"

Jumamosi, 24 Mei

Leo jua lilitoka tangu asubuhi, uwanja umekauka. Foleni ilianzia dirishani ikapinda mpaka kwenye kona ya wodi ya wazazi, ambako mkunga ametoa benchi kwa wale wenye miguu mibovu. Dada Gramu alikuwa upande wangu wa kushoto na mizani, anapima kila bakuli baada ya mimi kulijaza. Mara arobaini na moja hakunisahihisha hata mara moja. Wapishi wawili wa hospitali nyingine walikuwa wamesimama nyuma yangu, wametumwa wajifunze. Wameniandika kwenye madaftari yao, maneno yangu, mimi niliyeacha shule kabla ya kugawanya kwa desimali.

Karibu na saa sita nilinyanyua uso kuita anayefuata, nikamwona daktari. Hakuwa na koti. Alikuwa amevaa shati la nyumbani, na ameshika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili.

"Daktari, karibu. Kuna mgonjwa?"

Alitazama kushoto, akatazama kulia, akanisogelea dirishani. "Mwaka wa tatu huu nina sukari," akasema kwa sauti ya chini. "Sijamwambia mtu hapa kazini." Akatoa bakuli kwenye mfuko, la bluu, limebanduka ukingoni. "Kila siku nawaandikia watu gramu mia na hamsini. Nyumbani napakua kwa macho."

Nilimwelewa. Nilimwelewa kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama pale. Lakini nyuma yake palikuwa na watu waliotoka mbali.

"Nitakupigia mstari, Daktari," nikamwambia. "Ila foleni inaanzia kule kwenye benchi."

Daktari alinitazama, kisha akacheka, mara ya kwanza kumsikia, akaenda na bakuli lake mpaka mwisho wa mstari. Mzee wa sinia akamsogezea nafasi. Alikaa zaidi ya saa moja juani kama watu wengine.

Zamu yake ilipofika nilichota, nikamimina, nikasawazisha. Wali ulikaa chini kabisa ya bakuli lile la bluu. Aliuinamia.

"Hapo tu?"

"Hapo tu," nikasema, nikachukua brashi.